Chini ya Utepe

Utepe ulikuwa ukibanduka vizuri mpaka Enelesia Mbilinyi alipofika kwenye mstari wa pili wa ribiti, zile pini za kushikizia bati la bawa. Hapo ukang'ang'ania. Akausogezea kipasha-joto, akasubiri gundi ilainike, akavuta tena polepole kwa mikono miwili, kama anayebandua plasta kwenye kidonda cha mtoto. Ukaja. Pamoja nao ukaja unga mweupe, mwingi, ukamwagikia buti zake.

"Fundi," aliita. "Hebu njoo uone hapa."

Zakayo Nyagawa, fundi mkuu wa hanga la Ihanga, alizunguka bawa huku akijifuta mikono kwenye ovaroli. Aliugusa ule unga, akausugua katikati ya vidole viwili.

"Hili si vumbi," alisema. "Hii ni bati yenyewe. Imeliwa."

Walipapiga brashi, kisha wakapasafisha kwa kitambaa na spiriti. Ufa ukajitokeza. Ulianzia kwenye tundu la ribiti ya nne, ukapita ya tano, ukawa unaielekea ya sita. Ulikuwa mwembamba kama uzi na mrefu kama kidole. Ndege hiyo, Namba Tano, ililetwa hangani asubuhi hiyo kubadilishiwa utepe tu, kwa kuwa ule wa zamani ulikuwa umechubuka. Jana yake ilikuwa imetoka bondeni na rubani mmoja na wagonjwa wawili.

"Kipimo kilisemaje mwezi uliopita?" Enelesia aliuliza, ingawa jibu alikuwa nalo.

"Kilisema bawa ni zima. Siku zote kinasema bawa ni zima." Nyagawa hakumtazama. "Nilikwambia, mama. Mwaka juzi. Lile bawa la Namba Moja lililogongwa na tai, lililobonyea hata ngumi inaingia, kipimo kikasema zima. Nikakwambia hiki kitu kinasoma utepe, hakisomi bati."

Alikumbuka. Alikumbuka pia kwamba alimjibu kwa kurasa tatu za hesabu, na kwamba fundi alizikunja, akazitia mfukoni, asiongeze neno.

Utepe ule ulikuwa kazi yake ya miaka kumi na mmoja. Ukiutazama kwa mbali uliona plastiki ya kijivu isiyo na mng'ao. Ukipitisha kidole kwa urefu, hukusikia kitu. Ukikipitisha kwa upana, ulisikia ukakasi mdogo, kama ulimi wa paka. Ukakasi huo ndio uliokuwa siri yote. Ilikuwa mifereji myembamba kuliko unywele, maelfu kwa maelfu, iliyolala kufuata mkondo wa hewa. Hewa ikipita juu ya bati tupu huzaa visulisuli vidogo vinavyoikokota ndege nyuma. Mifereji ilivinyanyua visulisuli hivyo visiguse ngozi ya bawa, navyo vikaacha kuikokota. Ndege za Ihanga zilikuwa za betri, kwa kuwa petroli ya ndege ilikwisha kuwa kitu cha kusimuliwa, na betri zake ziliweza kwenda kilomita mia tatu na tisini kisha zikanyamaza. Zikivaa utepe zilifika mia nne thelathini na moja. Kwenda na kurudi zahanati ya Lihimba, ng'ambo ya mto Luhanji, kulikuwa na kilomita mia nne na kumi na mbili. Kule hakukuwa na umeme wa kuchajia ndege. Mafuriko yalikuwa yamebeba madaraja yote matatu, na mitambo ya jua ikaenda nayo.

Kwa hiyo zahanati tano za bondeni, Lihimba ikiwa ya mbali kuliko zote, ziliishi kwa kilomita arobaini na moja alizozitoa Enelesia kwenye plastiki.

Kosa lilikuwa kwenye tabaka la chini. Miaka mitatu nyuma alichanganya humo vumbi la madini ili umeme wa mawingu upite juu ya bawa bila kuliunguza. Alijivunia sana wazo hilo. Lakini kipimo cha mafundi nacho kilifanya kazi kwa umeme. Kilipitisha mkondo kwenye bati na kusikiliza ulivyorudi, na penye ufa mkondo ulijikwaa. Sasa mkondo haukulifikia bati tena. Ulikwenda na kurudi ndani ya utepe, laini kabisa. Na ukungu wa Ihanga, unaolala uwanjani kila alfajiri, ulikuwa umejipenyeza pembeni mwa gundi, ukakaa humo, ukala.

"Nimewafumba macho," alisema.

Nyagawa alitazama saa ya ukutani. Ilikuwa saa tano na robo asubuhi.

"Namba Tatu inatoka saa nane," alisema. "Ile ya damu ya Lihimba."

*

Mkurugenzi wa kituo, Mzee Tulizo Luhwago, alisikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza. Alikuwa mtu wa miaka sitini na kitu, na miaka saba nyuma alishika jembe yeye mwenyewe pamoja na watu wa Lihimba kulima uwanja wa kutulia ndege. Alipomaliza kusikiliza, alivua miwani.

"Ni ndege ngapi zina utepe huu wenye madini?"

"Zote saba."

"Na ngapi zina ufa?"

"Nimeona moja. Nyingine sijui. Hakuna anayejua. Ndiyo maana nimekuja."

"Kubandua utepe kwenye ndege moja kunachukua muda gani?"

"Ukiharakisha unaweza kung'oa na bati. Saa sita kila bawa. Na nikishaubandua haurudi, Mzee. Ulioko ghalani nao una madini. Mpya usio nayo utachukua miezi minne kutengeneza."

Luhwago alisukuma karatasi mbele yake. Ilikuwa ujumbe wa redio wa saa nne asubuhi, ulioandikwa haraka kwa penseli. *Lihimba. Avelina Mponda, miaka 26. Amejifungua alfajiri. Damu haikatiki. Kundi O. Tunaomba leo.*

"Damu inatoka hospitali saa saba," alisema. "Ndege nne ziko safarini, mbili ziko mezani kwenu. Iliyobaki na chaji ni Namba Tatu peke yake. Namba Tatu ina umri gani?"

"Ni ndogo kwa Namba Tano. Miaka minne pungufu."

"Basi huenda ni nzima."

"Huenda."

"Enelesia, mimi sikwambii uongo na wala sikulazimishi. Kanuni unazijua. Hati ya bawa inasainiwa na wewe, si mimi. Lakini nisikilize. Rubani akiambiwa bawa lina mashaka, sheria inamtaka aripoti. Akiripoti, wakaguzi wa anga wanazifunga zote saba kabla ya jua kuzama. Watafanya hivyo, na watakuwa sahihi. Zahanati tano, miezi minne. Na huyu Avelina hatamaliza siku." Alivaa miwani tena. "Saini safari hii moja. Ikirudi, kesho asubuhi tunazifunga wenyewe. Mimi nitasimama nawe."

"Na Ambindwile je?"

"Ambindwile ameruka miaka ishirini na nane. Ukimwambia, utakuwa umemtwisha mzigo usio wake."

Enelesia aliichukua hati. Chumba kilikuwa kimya, ila feni ya kompyuta ilikuwa ikikwaruza. Alifikiria safari moja. Saa moja kwenda, dakika ishirini za kushusha, saa moja kurudi. Namba Tano ilikuwa imekwenda hivyo jana na ufa wake, ikarudi. Ufa haukui kwa siku moja. Kwa kawaida haukui. Alijua pia kwamba bondeni, pale hewa ya joto inapopanda kukutana na ukuta wa milima, ndege hutikiswa kama ungo, na bawa bovu huchagua kuvunjika pale.

Alitoka na hati mkononi, bila saini.

*

Ambindwile Mwakalinga alikuwa na desturi ya kupakia damu mwenyewe. Aliliweka sanduku la baridi kwenye kiti cha pembeni, akalifunga mkanda kama abiria, akalipigapiga mgongoni. Alikuwa mtu mfupi, mpana, mwenye mvi kidevuni, na alikuwa rubani pekee wa Ihanga aliyewahi kurusha ndege za petroli.

"Dada Enelesia," alisema alipomwona anakuja. "Leo umeniletea hati kwa miguu? Kuna sherehe gani?"

"Kepteni, naomba ushuke kidogo."

Alishuka. Enelesia alimwambia yote wakiwa wamesimama chini ya bawa la Namba Tatu, palepale, mkono wake ukiwa umegusa ule ukakasi wa kijivu. Alimwambia habari za unga mweupe, ufa, vumbi la madini, na onyo la fundi alilolipuuza. Hakupunguza. Alipomaliza, Ambindwile aliinua macho akalitazama bawa juu yao.

"Hili lina ufa?"

"Sijui."

"Uwezekano ni kiasi gani? Nipe namba. Wewe ni mtu wa namba."

"Sina namba, Kepteni. Ningekuwa nayo ningekupa. Nimeona bawa moja tu tangu tabaka lile liwekwe, nalo lilikuwa na ufa."

"Wewe ungepanda?"

Enelesia aliondoa mkono kwenye bawa.

"Nakuuliza, dada. Ungepanda?"

"Nina uzito wa kilo sitini na nane. Lihimba ni mbali kuliko zote; nikipanda na wewe hatutarudi, betri haitoshi."

"Sikukuuliza betri."

"Nisingepanda," alisema.

Ambindwile alitikisa kichwa taratibu. Alivua glovu moja, akaishika, akaitazama.

"Sasa niambie kitu kimoja. Ungetaka niende, usingeniambia. Ungetaka nisiende, usingekuja na hati, ungeichana ofisini. Umekuja kuniuliza mimi. Kwa nini?"

"Kwa sababu ni wewe utakayekuwa juu."

"Na yule mama aliye kule? Yeye nani amemuuliza?"

Upepo ulipita uwanjani, ukapeperusha kamba ya bendera. Ambindwile alilitazama sanduku la damu kupitia dirishani, likiwa limefungwa mkanda vizuri.

"Nina watoto wanne," alisema, kama anayejiambia mwenyewe. "Wa mwisho yuko darasa la pili. Mwaka jana nilitua Lihimba kwenye tope mpaka magoti, sikuuliza mtu. Mwaka juzi nilirudi taa ya betri inawaka nyekundu. Nilikuwa najua ninachokichezea. Hiki sikijui." Akavua na glovu ya pili. "Siruki."

"Sawa."

"Na sitasema ni upepo. Naandika ukweli kwenye kitabu cha safari. Rubani amekataa, mashaka ya bawa."

"Andika."

Alipanda tena, akalifungua sanduku mkanda, akalishusha yeye mwenyewe. Alipompita Enelesia hakumtazama usoni.

*

Chumba cha redio ya upepo kilikuwa nyuma ya ofisi. Mpokea simu alitaka kupiga yeye. Enelesia akamwomba kiti.

"Lihimba, Lihimba, hapa Ihanga."

Sauti ya Nesi Otilia ilikuja papo hapo, kama mtu aliyekuwa ameshika kidude mkononi muda wote. "Ihanga, nakupata. Imeshatoka?"

"Nesi, anayezungumza ni mhandisi Mbilinyi. Ndege haiji."

Redio ilivuma.

"Rudia, Ihanga."

"Ndege haiji leo. Tumegundua hitilafu kwenye mabawa. Rubani hawezi kuruka."

"Basi leteni nyingine."

"Hakuna nyingine, Nesi. Zote zina mashaka hayohayo."

"Mashaka." Otilia alilitamka neno hilo kana kwamba hakulijua. "Mimi hapa sina mashaka, mama. Nina mtu anavuja. Nimembana kwa mikono tangu alfajiri, tumebadilishana na mkunga. Nimempa sindano zote nilizonazo. Amenielewa nilipomwambia ndege inakuja saa tisa. Anaisubiri. Nimwambie nini?"

"Nesi, kuna mtu yeyote hapo wa kundi O? Ndugu yake?"

"Sina chupa za kutolea damu, sina vipimo. Mliahidi vitakuja na ndege ya wiki ijayo." Akapumua. "Mwambie rubani ashuke tu kwa dakika kumi. Sisi tutakuwa uwanjani tayari. Hatutamkawiza."

"Amekataa, Nesi. Na mimi ndiye niliyemwambia kuna hatari."

Mpokea simu akasogea kuangalia kama masafa yamekatika. Kisha Otilia akasema, sasa kwa upole, jambo lililokuwa baya zaidi:

"Haya. Wacha nirudi kwake. Asije akaniona nimekawia."

Avelina Mponda alifariki saa kumi na nusu alasiri. Ujumbe uliletwa ofisini ukiwa umeandikwa kwa penseli ileile. Mtoto, wa kike, alikuwa hai.

*

Jioni ileile, ndege nne zilipokwisha kurudi, wakaguzi wa anga walizifunga zote saba kwa redio kama Luhwago alivyosema, nao wakafika siku ya tatu kwa barabara ya juu. Luhwago hakumlaumu mtu mbele yao. Aliwaandalia chai, akawaonyesha hanga, akaenda kukaa peke yake ofisini.

Kazi ya kubandua ilichukua siku tisa. Enelesia na Nyagawa walifanya kazi bega kwa bega, na fundi hakurudia hata mara moja lile neno la nilikwambia. Namba Moja ilikuwa na kutu nyeupe bila ufa. Namba Mbili na Nne, vivyo hivyo. Namba Sita ilikuwa na ufa mfupi. Walipofika Namba Saba, utepe ulipoondoka shinani mwa bawa la kushoto, Nyagawa alishusha kipasha-joto chini, akatoka nje kwanza. Ufa ulikuwa umezunguka shina karibu nusu. Mkaguzi mmoja aliupima mara mbili.

"Hii ilikuwa na safari ngapi mbele?" aliuliza.

"Ilipangiwa safari kesho yake," Enelesia alisema. "Baada ya ile iliyokataliwa. Abiria wanne."

"Isingerudi."

"Najua."

Namba Tatu waliiacha mwisho. Hakuna aliyesema kwa nini. Ambindwile, ambaye hakuwa ameonekana hangani tangu siku ile, alikuja akasimama mlangoni mikono mfukoni. Enelesia alibandua mwenyewe, bawa la kulia, kisha la kushoto, ribiti moja baada ya nyingine. Hakuna unga uliodondoka. Alisafisha kwa spiriti. Bati lilikuwa linang'aa kama sufuria mpya. Alipitisha kipimo juu ya bati tupu, mara tatu, na safari hii kipimo kilikuwa kinasema kweli.

"Zima?" Ambindwile aliuliza.

"Zima."

Alisogea, akaweka kiganja juu ya bawa. Alikiacha hapo.

"Ningekwenda na kurudi," alisema.

"Ndiyo."

"Yule mama angekuwa hai."

"Huenda. Nesi anasema huenda."

"Ungenificha, ningeruka, angepona, na mimi nisingejua kitu. Ningekuletea hata mchele wa bondeni."

"Mzee aliahidi kuzifunga asubuhi. Lakini tukishaficha mara moja tungeficha tena, na kesho yake ungepanda Namba Saba."

Ambindwile aliondoa kiganja. "Na kesho yake ningepanda Namba Saba," alikubali. "Kila nikihesabu, inatoka kwamba ulifanya sawa. Nimehesabu mara nyingi, dada. Inatoka sawa. Na bado silali."

"Wala mimi."

"Utafanya nini?"

"Nakwenda Lihimba."

"Kwa njia ipi?"

"Kwa miguu, pale ambapo hakuna njia nyingine."

Ambindwile alifikiri. "Mimi siwezi kwenda," alisema. "Usinione mbaya. Siwezi kuangaliwa na wale watu. Lakini nitakuchorea njia. Nimeiona kutoka juu miaka saba."

Alichora kwenye upande wa nyuma wa fomu ya safari, vijito, madaraja yaliyovunjika, mahali mto unapotanuka na kupungua kina. Mchoro ulikuwa sahihi kila mahali.

*

Safari ilimchukua siku nne. Lori la viazi lilimfikisha ukingoni mwa nyanda za juu. Kutoka hapo aliteremka na wachukuzi wawili waliobeba chupa tupu za kutolea damu, vipimo vya makundi, na dawa za kukatisha damu, vitu vyote ambavyo ndege ya wiki ile ingevileta. Kucha mbili za miguu zilimtoka. Walivuka Luhanji kwa kamba, maji yakiwa kifuani.

Nesi Otilia alipokea mizigo kwanza, akaihesabu, akasaini. Kisha akamtazama mgeni. Alikuwa msichana, Enelesia hakutegemea hilo. Redioni alisikika mtu mzima.

"Umekuja kuomba radhi?"

"Nimekuja kueleza kilichotokea. Kwa yeyote atakayetaka kusikia."

"Mama yake atataka," Otilia alisema. "Amekuwa akiniuliza kila siku, na mimi sina la kumjibu."

Mama Fabiola Mponda alikuwa nyuma ya nyumba, ameketi kwenye mkeka na mjukuu mapajani. Hakunyanyuka. Enelesia alipiga magoti, akamsalimia, akapewa itikio fupi. Akaeleza. Alieleza kama alivyomweleza rubani, bila kupunguza, akatumia maneno ya kawaida. Alisema alitengeneza kitu cha kusaidia ndege zifike huku, na kitu hicho kilificha ugonjwa wa ndege, na fundi alimwonya asisikie. Mwisho akafika penye bawa la Namba Tatu, akasita, akasema na hilo.

"Ilikuwa nzima," Mama Fabiola alirudia.

"Ilikuwa nzima, mama. Hatukujua."

"Kwa nini unaniambia? Hili usingeniambia, nani angelijua huku?"

"Hakuna."

"Sasa?"

"Niliwaficha watu mara moja bila kukusudia. Sitaki kuficha kwa kukusudia."

Mama Fabiola alimpangusa mtoto mdomo kwa pembe ya kanga. Alifanya hivyo muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Avelina alipokuwa anaondoka," alisema, "hakulalamika. Aliniambia, mama, sikiliza, naisikia. Alikuwa anaisikia ndege. Nikamwambia ndiyo, ile inakuja. Mimi nilimdanganya mwanangu dakika ya mwisho, na sijutii. Wewe ulisema kweli, na mwanangu amekufa. Nitakaa na hayo mpaka lini, sijui." Akainua macho. "Ndege zitarudi lini?"

"Miezi minne. Huenda mitano."

"Usinipe huenda."

"Mitano, mama."

Otilia, aliyekuwa amesimama kwenye kona ya nyumba, alisema, "Nina wajawazito sita kwenye daftari. Watatu lazima waende hospitali, najua kabisa. Mmoja alipasuliwa uzazi uliopita. Mmoja ana mapacha. Na mmoja..." Akamtazama Mama Fabiola, akanyamaza.

"Na mmoja ni mdogo wake Avelina," Mama Fabiola alimalizia. "Pelagia. Mimba ya miezi sita. Damu yake ni chache, hata akijikata na kisu cha jikoni anaishiwa nguvu."

Enelesia alitazama miguu yake iliyovimba. Aliwaza juu ya mlima, kamba ya mtoni, maji ya kifuani. Siku nne za mtu mwenye afya zingekuwa siku saba au nane za mjamzito. Kulikuwa na hatari ndani yake, na safari hii alikuwa na namba, kwa sababu alikuwa ameipita njia hiyo yeye mwenyewe.

"Wiki mbili zijazo mvua zitaanza," alisema. "Mto hautavukika kwa kamba. Wanaotaka kwenda lazima waende sasa. Kwenye mwinuko wa mwisho hatari ni kubwa, na mtoni ni kubwa zaidi. Kila mmoja atahitaji machela na wanaume wanne. Nitawaeleza wote watatu njia ilivyo, hatua kwa hatua, kisha waamue wenyewe. Anayekubali nitakwenda naye mpaka mlango wa hospitali, na nitakaa naye mpaka ajifungue."

Waliitwa. Yule aliyepasuliwa alisikiliza mpaka penye mto, akasema hapana, atabaki, na hakuna aliyembishia. Yule wa mapacha alikubali kabla hajamaliza kuelezwa. Pelagia, msichana mrefu mwenye macho makubwa yaliyojaa maji, aliuliza swali moja tu.

"Kama ungekuwa mimi, ungekwenda?"

Enelesia alivuta pumzi. "Ningekwenda," alisema.

Waliondoka keshokutwa yake, baada ya machela kusukwa. Mama Fabiola alifika nao mpaka mwisho wa mashamba, mjukuu akiwa mgongoni. Alimfunga Pelagia kitambaa kichwani, akakilegeza, akakifunga tena. Kisha akamgeukia Enelesia.

"Sijakusamehe," alisema. "Usije ukaelewa vibaya."

"Sijaelewa vibaya, mama."

"Haya. Pale chini pana utelezi. Mshike mkono."

Enelesia alimshika Pelagia mkono, wakaanza kuteremka.